Chema hakijiuzi kama hakijulikani: Somo la saa za kifahari kwa wakulima wa korosho Lindi

MSIMU wa korosho unapopamba moto na malipo ya mnada kuanza kuingia katika akaunti za wakulima, biashara ndogo ndogo mkoani Lindi huchangamka. Mingoyo ni moja ya sehemu ambazo mabadiliko hayo huonekana mapema. Hapo ndipo barabara itokayo Dar es Salaam na Lindi mjini hugawanyika, moja ikienda Mtwara na nyingine Masasi, hivyo kila mwenye bidhaa ya kuuza hupita au husimama. Wamachinga hufuata fedha ilipo, wakiwa na simu, redio, viatu, miwani na saa za mkononi.

Kati ya saa hizo zimo zile kubwa zinazong'aa, zenye vijiduara vitatu ndani ya uso na vitufe viwili ubavuni. Saa ya namna hiyo huitwa kronografu, yaani saa ya kawaida iliyounganishwa na saa ya kupimia muda wa mashindano. Katika zile za bei ya chini, mara nyingi vijiduara hivyo ni michoro tu. Kitufe kikibonyezwa hakuna kinachotembea. Hata hivyo wanunuzi huzipenda, na hubishana ipi nzuri zaidi, yenye uso mweupe au yenye uso mweusi.

Ubishi huo huo upo kwa matajiri wa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ila wao hubishana juu ya saa halisi na fedha nyingi. Wapo wanaoweza kumaliza jioni nzima wakilinganisha matoleo mawili ya saa moja kwa unene wa mstari ulio usoni mwake. Mkulima anayepalilia ekari tano za mikorosho anaweza kuuona huo kuwa ni upuuzi wa walioshiba. Lakini ndani yake limo somo la biashara ambalo wakulima wa korosho wamelikosa kwa miaka mingi: tofauti ndogo inayoweza kuthibitishwa huleta bei, na tofauti kubwa isiyothibitishwa hupotea bure.

Saa moja, matoleo mengi

Mfano mzuri ni saa iitwayo Daytona, inayotengenezwa na kampuni ya Rolex ya Uswisi. Ilianza kuuzwa mwaka 1963, ikiwalenga madereva wa magari ya mashindano. Machi 2023, ilipotimiza miaka 60, kampuni ilitangaza toleo jipya. Kwa mtu asiyejua, saa hiyo mpya na ile iliyoitangulia, ya mwaka 2016, ni mapacha. Zote mbili za chuma cha pua zinatajwa kuwa na upana wa milimita 40, zote zina pete nyeusi ya kauri kuzunguka kioo, na kwa zote mnunuzi huchagua uso mweupe au mweusi.

Wapenzi wa saa hizo waliona mengi zaidi. Waliona kuwa pete ya kauri sasa imezungushiwa ukingo mwembamba wa chuma. Waliona kuwa alama za saa usoni zimepunguzwa unene, na mizunguko ya vijiduara vya ndani imekuwa myembamba. Walijua kuwa mashine ya ndani, iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 2000 kwa namba 4130, imebadilishwa na kupewa namba 4131. Walijua pia kuwa toleo la platinamu limewekewa kioo mgongoni ili mashine ionekane, wakati lile la chuma limefunikwa. Kila toleo lina namba yake, na namba hiyo ndiyo inayotajwa kwanza wakati wa mauziano.

Bei iliyotangazwa nchini Marekani kwa toleo la chuma ilikuwa dola 15,100, zaidi ya shilingi milioni 35 kwa thamani ya fedha ya wakati ule. Kwa korosho zinazouzwa shilingi 2,000 kwa kilo, hizo ni tani 17 na nusu. Tena aliyefika dukani na fedha mkononi hakutegemea kuondoka nayo siku hiyo, kwani wanaoitaka ni wengi kuliko saa zinazotengenezwa. Waliobahatika kuipata na kuiuza tena walipata bei ya juu kuliko ya dukani, na mara nyingi uso mweupe ulizidi ule mweusi, ingawa dukani bei yake ni moja.

Juni 2023 kampuni hiyo ilitoa toleo jingine, la dhahabu nyeupe, kuadhimisha miaka 100 ya mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Tofauti zake za wazi zinahesabika kwa vidole. Tarakimu 100 iliyo katika pete ilitiwa rangi nyekundu, na kijiduara kimoja kilifanywa kihesabu hadi saa 24 badala ya 12. Bei ya dukani ilizidi dola 50,000, na waliouziana wao kwa wao walilipana zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kinachogeuza tofauti kuwa fedha

Chuma cha saa hizo kikiwekwa kwenye mzani hakifikii hata sehemu ndogo ya bei hizo. Wanunuzi hulipia mambo mengine, na matatu kati yake yanamhusu mkulima moja kwa moja.

Jambo la kwanza ni kumbukumbu. Kila saa ina namba ya toleo lake na namba yake yenyewe, na huuzwa pamoja na hati zake. Mnunuzi aliye Muscat na muuzaji aliye London wakitajiana namba hizo wanaelewana bila kuonana. Saa iliyopoteza hati zake huuzwa kwa bei ya chini, hata kama inatembea vizuri.

Jambo la pili ni kupimwa na mtu asiye muuzaji wala mnunuzi. Uswisi ina taasisi iitwayo COSC inayopima mashine za saa kwa siku 15, katika mikao na joto tofauti. Mashine ambayo kwa wastani hupunguza zaidi ya sekunde 4 au kuongeza zaidi ya sekunde 6 kwa siku haipati cheti. Aidha, tangu mwaka 2017 sheria ya nchi hiyo inataka angalau asilimia 60 ya gharama za kuitengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi kabla haijaandikwa kuwa imetengenezwa huko. Jina la nchi limelindwa na sheria kwa sababu jina hilo ni mali.

Jambo la tatu ni uchache unaojulikana na wote. Pwani ya kusini ina undugu wa siku nyingi na Oman, na huko ndiko unapopatikana mfano ulio karibu. Sultan Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970, aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London zikiwa na alama ya jambia la Kiomani, akazitoa zawadi kwa watu aliotaka kuwaheshimu. Nyingi zilikuwa saa za matoleo ya kawaida. Leo saa yenye jambia hilo hupata bei kubwa mnadani kuliko pacha wake asiyekuwa nalo. Lakini kwanza lazima ithibitike kuwa jambia liliwekwa tangu mwanzo, maana wapo wajanja wanaolichora baadaye.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya saa ya Daytona inaonyesha kuwa methali hiyo inahitaji nyongeza. Katika miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa saa za aina hiyo zenye uso uliopambwa tofauti, na hazikupata wanunuzi wengi. Baadaye ikajulikana kuwa mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, alikuwa akivaa saa yenye uso huo, na wapenzi wa saa wakaanza kuzitafuta kwa udi na uvumba. Saa yake mwenyewe, aliyopewa na mkewe, iliuzwa mnadani New York Oktoba 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Saa ilikuwa ile ile. Zilizoongezeka ni habari zake. Chema hujiuza, ila baada ya kujulikana kuwa ni chema.

Korosho za wote katika rundo moja

Mkulima wa korosho naye ana matoleo yake, ingawa hayaiti hivyo. Kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara kimezalisha aina nyingi za mikorosho bora, zinazotofautiana kwa mavuno, kwa ukubwa wa korosho na kwa uwezo wa kustahimili magonjwa. Ndani ya aina moja pia zipo tofauti zinazotokana na mikono ya mkulima. Yupo anayepulizia dawa ya ubwiri unga kwa wakati, anayeokota kila siku, anayeondoa mabaki ya bibo na kuanika korosho zake juani hadi zikauke sawasawa. Yupo pia anayeokota mara moja kwa wiki, baada ya mvua kunyesha, na kuzifunga zikiwa mbichi.

Wote wawili hukutana katika ghala la chama cha msingi. Pale korosho hutenganishwa kwa daraja la kwanza na daraja la pili, na ndani ya daraja la kwanza zote huchanganywa. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unauzwa mnadani kwa jina la chama, na wote wawili wanalipwa bei ile ile kwa kilo. Aliyetumia siku tatu kuanika amemsaidia jirani yake kuuza unyevu. Msimu unaofuata hujiuliza kwa nini ajisumbue, na swali lake ni la haki.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, ulileta manufaa ambayo hakuna mwenye busara atakayeyakana. Mnada wa wazi ulipunguza nguvu ya walanguzi, na bei imewahi kupita shilingi 4,000 kwa kilo, katika msimu wa 2017/18 na tena katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024. Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, bei ya shilingi 3,300 iliwekwa kwa daraja la kwanza, na la pili likapewa bei ya chini yake. Kwa hiyo kanuni ya ubora kulipiwa ipo. Kilichokosekana ni kuifikisha hadi kwa mkulima mmoja mmoja.

Hesabu ya ratili

Wanunuzi wa korosho ghafi hawabahatishi. Kabla ya kutaja bei huchukua sampuli ya mzigo, wakazihesabu korosho zilizomo katika kilo moja, wakazikata kwa kisu na kupima viini vizuri vilivyomo. Kisha hukokotoa ni ratili ngapi za kiini zitapatikana katika gunia la kilo 80. Hiyo ndiyo lugha yao, kama namba za matoleo zilivyo lugha ya wapenzi wa saa.

Chukua mfano wa mizigo miwili, kila mmoja tani 10, sawa na magunia 125. Mzigo wa kwanza unatoa ratili 50 kwa gunia na wa pili ratili 46. Tofauti ya ratili 4 kwa gunia ni ratili 500 kwa mzigo mzima, yaani karibu kilo 227 za kiini. Kwa macho, na hata kwa mzani wa kijijini, mizigo hiyo inalingana. Mwenye kisu cha kukatia anajua kuwa hailingani. Mnunuzi akiwa nacho na chama cha msingi kikawa hakina, mazungumzo ya bei yanakuwa ya mtu aonaye na mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Baada ya kubanguliwa, viini navyo hugawanywa tena. Kiini cheupe kisichovunjika hupangwa kwa idadi katika ratili moja. Daraja la 180 lina viini vikubwa visivyozidi 180 kwa ratili, likifuatiwa na 240 na 320. Kadiri idadi inavyopungua ndivyo kiini kinavyokuwa kikubwa na bei kupanda. Mgawanyo huo wenye faida hufanyika zaidi India na Vietnam, kwa kuwa korosho nyingi za Tanzania husafirishwa zikiwa ghafi. Viwanda 12 vya kubangua vilijengwa nchini miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikiwamo vya Lindi, Mtama na Nachingwea, lakini vingi vilikaa miaka mingi bila kubangua.

Anayenufaika na ukimya huu ni mnunuzi wa kangomba. Huja kabla ya mnada, wakati mkulima anahitaji ada ya shule au fedha ya dawa, akapima kwa bakuli na kulipa bei ya kutupa. Kwake yeye hakuna toleo wala daraja, kwa sababu mkulima asiyejua thamani ya alichonacho hana la kumjibu.

Tahadhari

Zipo hoja za kupinga ulinganisho huu, na zinastahili kusikilizwa. Kwanza, saa ya kifahari ni pambo na korosho ni chakula. Hakuna atakayelipa mamilioni kwa gunia moja. Hiyo ni kweli, lakini mkulima hahitaji mamilioni. Shilingi 100 ya nyongeza kwa kilo, kwa mwenye tani 2, ni shilingi 200,000, fedha inayosaidia kununua dawa ya msimu ujao.

Pili, kutenganisha mizigo kunahitaji watu, nafasi ghalani na muda. Chama chenye ghala dogo hakiwezi kutunza mafungu kumi, lakini mafungu mawili au matatu yanawezekana kwa vyama vingi. Tatu, hakuna anayeweza kuahidi kuwa mnunuzi ataongeza bei kila mara. Soko la dunia likianguka hata korosho bora huanguka nalo. Katika mwaka wa namna hiyo, mzigo unaojulikana una nafasi nzuri zaidi ya kupata mnunuzi, na hiyo pekee ni faida.

Ipo pia tahadhari kwa wanaovutwa na saa zenyewe. Bei za saa za kifahari zilizokwishatumika zilipanda sana hadi mwanzoni mwa mwaka 2022, kisha zikashuka, na walionunua kwa kukimbilia faida wakaumia. Kwa mkulima wa Mingoyo hatari ni ndogo zaidi lakini ni ya aina hiyo hiyo: kununua kwa fedha za msimu saa ya kuiga akidhani ameweka akiba. Saa ya elfu ishirini ni ya kuonea wakati na kupendezea mkono, na hakuna ubaya. Akiba ya mkulima ni miche bora, dawa, turubai la kuanikia na ada ya mtoto.

Nini kifanyike

Hatua za kuanzia hazihitaji sheria mpya. Vyama vya msingi vilivyo chini ya Lindi Mwambao na vyama vikuu vingine vinaweza kuanza na vijiji vichache. Kila chama kipate kisu cha kukatia korosho, mzani mdogo na kipima unyevu, na vijana wawili wafundishwe kupima. Matokeo ya kila fungu yaandikwe ubaoni katika ofisi ya chama: idadi ya korosho kwa kilo, unyevu na ratili kwa gunia. Stakabadhi ya mkulima nayo ionyeshe fungu alilowekwa.

Baada ya hapo mafungu yauzwe mbali mbali, na mwenye korosho bora alipwe bei ya fungu lake. Tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anayetoa bei akiwa mbali na ghala hutegemea maelezo aliyopewa. Maelezo yakiwa mafupi, hulipa kwa woga.

Bodi ya Korosho Tanzania nayo ina kazi ya kutangaza, baada ya kila mnada, bei iliyopatikana pamoja na ubora wa mzigo uliouzwa. Mkulima wa Mingoyo akisoma kuwa chama cha jirani kimepata bei ya juu kwa sababu mzigo wake ulitoa ratili nyingi zaidi, atajua la kufanya bila kuhubiriwa. Wataalamu wa ugani, kwa upande wao, wamsaidie kila mkulima kuandika katika daftari ni mikorosho ya aina gani aliyopanda, wapi na lini. Mpenzi wa saa anajua namba ya mashine asiyoiona. Mkulima kutojua aina ya mti anaoutunza kwa miaka 30 ni jambo la kusikitisha.

Mfanyabiashara mdogo anayeuza korosho zilizobanguliwa kwa abiria wa mabasi anaweza kuanza hata kesho. Atenge nzima na zilizovunjika, kubwa na ndogo, na kila fungu liwe na bei yake. Aandike kwenye mfuko kijiji zilikotoka na tarehe zilipokaangwa. Baadaye aende SIDO na TBS kuulizia utaratibu wa kupata alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo. Abiria aliyeridhika, akirudi wiki ijayo, atauliza jina lililo kwenye mfuko ule.

Waswisi hawana bahari wala mgodi mkubwa wa dhahabu, lakini wamekaa miaka mingi wakipima, wakiandika na kulinda jina lao. Lindi ina ardhi, mikorosho na wakulima wanaojua kazi yao. Maandalizi ya msimu ujao yakianza, swali la kwanza katika mkutano wa kila chama cha msingi lisiwe bei itakuwa shilingi ngapi. Liwe hili: gunia letu linatoa ratili ngapi, na nani ameandika?